Kuichagulia Skana Kompyuta ya Zamani: Mazungumzo kwa Watumiaji



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo. Mtu ana kompyuta ya zamani nyumbani, bado inafanya kazi, na anataka kuinunulia skana pamoja na programu ya kutambua maandishi, yaani ile programu inayoitazama picha ya ukurasa na kuigeuza kuwa maneno yanayoweza kutafutwa na kusahihishwa. Anunue ipi? Wanaoniuliza swali hili si wapenzi wa mashine. Ni walimu waliostaafu, makarani wa zamani, na wajane walioachiwa mkoba wa marehemu. Wanazo hati za nyumba, orodha za mashamba, barua, vyeti vya skuli na daftari za hesabu. Karatasi hizo zimekaa katika makabati ya Mji Mkongwe, ambako chumvi ya bahari huingia mpaka chumbani, au katika masanduku ya shamba, ambako mchwa hawabishi hodi. Mwenye nazo anataka kuziokoa kabla hazijamong'onyoka, na fedha za kununua kompyuta mpya hana.

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kuandika. Aliacha mashine ya taipu na kurasa zaidi ya 200 zinazohusu shamba la ukoo huko Donge: miti mingapi, nani kaipanda, nani kamuuzia nani. Nyinyi mnajua kwamba kwetu Unguja hilo si jambo la kupuuza, kwani mila yetu hukubali mti uwe wa mtu mmoja na ardhi uliyoota iwe ya mwingine. Ukipoteza orodha ya miti, umepoteza nusu ya urithi.

Kompyuta niliyokuwa nayo ni ya mezani, yenye Windows XP na kumbukumbu ya megabaiti 512. Nikaenda Darajani, nikaona skana nene, safi, iliyoletwa katika kontena la vitu vilivyokwishatumika. Nikapatana bei, nikalipa shilingi 70,000, nikaibeba. Sikuuliza kingine. Nyumbani waya uliingia katika tundu lake, taa ikawaka, na kompyuta ikaandika kwamba imeona kifaa isichokijua. Mazungumzo yao yakaishia hapo. Kila skana huhitaji programu ndogo ya kuiendesha, ambayo mafundi huiita draiva, na draiva ya skana ile mtengenezaji aliitoa kwa Windows za baadaye tu. Niliporudi dukani niliambiwa kitu kikishatoka hakirudi. Risiti sikuwa nayo, kwa sababu sikuiomba.

Basi, ndugu zangu, haya ninayoyasema leo niliyalipia.

Kabla ya kuuliza habari ya skana, mimina mkoba wako mezani utazame una nini. Kama ni karatasi 10 au 15, rudisha fedha mfukoni. Simu yenye kamera nzuri, mwanga wa dirishani asubuhi, na karatasi iliyolazwa sawa juu ya meza vitakutosha. Skana huanza kuwa na maana pale kurasa zinapofika mamia, au pale unapotaka kila ukurasa uwe na ukubwa uleule na unyoofu uleule ili programu iusome bila ya taabu.

Skana za kioo ziko za namna mbili, na mara nyingi dukani hutaambiwa tofauti yake. Namna ya kwanza hutumia kihisi kinachoitwa CCD. Ndani yake mna taa, vioo na lenzi, kwa hiyo ni nene na nzito, na huhitaji umeme wake kutoka ukutani. Epson Perfection V600 ni mfano wake. Namna ya pili hutumia kihisi cha CIS, kilicholala karibu kabisa na kioo, kwa hiyo skana huwa nyembamba kama kitabu, na nyingi hupata umeme kwa waya uleule wa USB unaoziunganisha na kompyuta. Skana za CanoScan LiDE za kampuni ya Canon ni za kundi hili. Tofauti hii si ya unene tu. CIS huona vizuri kile tu kilichogusa kioo. Karatasi ikiinuka milimita chache, kama inavyoinuka katikati ya daftari lililoshonwa, au penye mkunjo wa barua iliyokaa bahashani miaka 50, maandishi hufifia na ukungu hutanda. CCD huvumilia zaidi.

Kwa upande mwingine kuna umeme. Waliokuwapo mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hawahitaji kukumbushwa namna kisiwa kizima kilivyokaa gizani. Siku hizi hali si ile, lakini umeme bado hukatika na kurudi kwa kishindo, na mashine yenye taa na kifaa chake cha umeme ukutani huumia kwanza. Skana nyembamba, ikiunganishwa na kompyuta mpakato yenye betri nzima, huendelea na kazi. Kwa karatasi zilizonyooka mimi ningechukua nyembamba. Kwa daftari na barua kongwe ningechukua nene, na ningeinunulia kidhibiti umeme siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye kompyuta, maana hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea. Tazama nyuma yake kuna matundu gani. Kompyuta za miaka ya 1990 zilikuwa na tundu pana la vipini 25, lile lililotumika kwa printa, na skana za wakati ule zilichomekwa hapo. USB ilianza kushika kasi pamoja na Windows 98. Kama kompyuta yako ina USB, hilo ni jema, lakini usidhani kwamba waya ukiingia basi mambo yamekwisha. Nimekwishakuelezeni yaliyonipata.

Cha kutazama ni draiva. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Watengenezaji wa skana hufuata nyayo hizo: mfumo ukishaachwa, skana mpya hazitengenezewi tena draiva yake. Kwa hiyo skana mpya kabisa inayong'aa rafuni yaweza kuwa ndiyo isiyokufaa kabisa. CanoScan LiDE 300, kwa mfano, haina draiva ya Windows XP. Mwenye XP atafute skana iliyouzwa katika zama za XP, na asitoe hata shilingi mpaka ameiona draiva yake, ama katika diski iliyokuja nayo, ama katika tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Tovuti nyingine zinazogawa draiva bure hugawa na virusi humohumo.

Jambo jingine linalosahauliwa ni biti. Kuna Windows za biti 32 na za biti 64, na draiva ya moja haiendeshi nyingine. Bofya kwa kitufe cha kulia juu ya alama ya kompyuta, fungua palipoandikwa Properties, nakili yaliyomo katika karatasi, uende nayo dukani. Bora zaidi, nenda na kompyuta yenyewe. Najua, kubeba kompyuta ya mezani juu ya Vespa kutoka Mwanakwerekwe mpaka Darajani si starehe, na watu watakuuliza maswali njiani. Hata hivyo, kwa kifaa kilichokwishatumika hakuna jaribio jingine la kuaminika.

Yupo pia mwenye tatizo la kinyume: skana yake ni ya zamani na nzima, kompyuta ndiyo iliyobadilishwa, na mtengenezaji hakutoa draiva mpya. Huyo asiitupe skana. Kuna programu iitwayo VueScan, inayoendesha skana nyingi zilizoachwa na watengenezaji wake. Ni ya kulipia, lakini ina nakala ya majaribio inayopiga alama za dola juu ya kila picha. Alama hizo zisikukere. Zikitokea, basi skana yako inafanya kazi, nawe umejua hivyo kabla ya kulipa. Na kwa wale walioweka Linux katika kompyuta zao kuukuu, mradi wa SANE una orodha ndefu ya skana inazozifahamu, nyingi zikiwa za zamani.

Mkiwa dukani, jaribuni hivi. Kwanza tafuteni kufuli. Skana nyingi nene zina kufuli au skurubu inayokizuia kichwa kisitikisike safarini. Ikiwashwa bila ya kufunguliwa, hunguruma kama inayosaga mawe, na mtu hudhani ni mbovu, au ikawa mbovu kweli. Kisha mulikeni tochi ya simu kwa upande juu ya kioo. Mkiona ukungu au madoa kwa ndani, unyevu umeshaingia, na kukifungua kioo hicho ni kazi ya fundi. Kisha skanini karatasi nyeupe isiyo na kitu. Mstari mwembamba unaoshuka toka juu mpaka chini ya picha ni ama uchafu ama kihisi kilichokufa sehemu. Pangusa kioo, urudie, na kama mstari upo palepale, iache skana hapo. Mwisho someni kifaa cha umeme: kipokee volti 230 za kwetu, na volti inazotoa ziwe zilezile zilizoandikwa nyuma ya skana. Kuna skana za volti 12 na kuna za volti 24, na plagi huweza kufanana.

Picha iwe na ukubwa gani? Kwa kutambua maandishi, nukta 300 kwa inchi zinatosha, na herufi zikiwa ndogo sana, 400. Muuzaji atakusifia skana ya nukta 4,800. Mwache aisifie. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 una nukta karibu milioni 8.7. Kwa rangi kamili ni kama megabaiti 26 kabla ya kubanwa, na kwa rangi ya kijivu ni karibu 9. Ukipandisha mpaka 600, ukurasa mmoja wa rangi unapita megabaiti 100. Kompyuta yenye kumbukumbu ya megabaiti 512 itakwama, na kama tundu lake ni la USB ya mwanzo, ambayo hata ikikimbia kwa uwezo wake wote haipitishi zaidi ya megabaiti 1.5 kwa sekunde, utapika chai na kuinywa kabla ukurasa haujafika. Skani kwa kijivu, nukta 300, na uhifadhi kwa TIFF au PNG. JPEG iliyobanwa sana hutia vumbi kando ya herufi, na programu hulisoma vumbi hilo kama nukta na mikato.

Karatasi nyembamba zilizoandikwa pande mbili zina ujanja wake, nao hauna gharama. Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa kabla ya kufunga kifuniko. Maandishi ya upande wa pili hayatajitokeza tena kama yanavyojitokeza penye kifuniko cheupe.

Tumefika kwenye programu, na hapa nawaomba mniazime masikio. Mchuuzi akikuambia programu yake ina usahihi wa asilimia 98, mshukuru, kisha fanya hesabu. Ukurasa wa taipu una herufi kama 2,000. Asilimia mbili ya hizo ni makosa 40 katika ukurasa mmoja. Na asilimia hiyo hupimwa kwa lugha ambayo programu imefundishwa. Lugha yetu ina sifa njema ya kutokuwa na alama juu wala chini ya herufi, kwa hiyo kimaumbile ni rahisi kusomwa. Taabu ni pale programu inapokuwa haina Kiswahili katika orodha yake, ikadhani inasoma Kiingereza na kuanza kukusahihishia. Nilijaribu ukurasa mmoja wa baba. "Hati" ilitoka "hat", na "mali" ikatoka "mail". Herufi m, ambayo Kiswahili hakiwezi kupumua bila ya hiyo, ilivunjwa mara nyingi ikawa r na n.

Wengi wenye kompyuta za zamani tayari wanayo programu ya namna hii bila ya kujua. Microsoft Office ya mwaka 2003 ilikuja na kifaa kiitwacho Document Imaging chenye uwezo wa kutambua maandishi, na toleo la 2010 ndilo lililokiondoa. Kinafaa kwa barua za Kiingereza. Kwa Kiswahili kitakupa vichekesho kama hivyo. Kati ya programu za kulipia, FineReader ya ABBYY imekitia Kiswahili katika orodha yake ya lugha, lakini soma orodha ya toleo lilelile unalouziwa, na usome pia ni Windows gani inayotakiwa. Ile nakala ya CD inayouzwa barabarani kwa bei ya juisi ya miwa, yenye namba ya siri iliyoandikwa kwa kalamu, msiinunue. Si yake anayeiuza, na hamjui kilichofungashwa ndani.

Kwa mtu wa kawaida ningependekeza Tesseract. Ilianzia katika maabara ya Hewlett-Packard mwaka 1985, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2005, na haina malipo. Ina faili maalumu la Kiswahili, liitwalo swa, ambalo lazima ulichague wewe, kwani isipoambiwa hutumia Kiingereza. Yenyewe haina dirisha la kubofya, kwa hiyo watu huiwekea programu nyingine juu yake, kama gImageReader, inayoonyesha picha upande mmoja na maandishi upande wa pili. Toleo la nne, la mwaka 2018, husoma vizuri zaidi kuliko yaliyotangulia, lakini kwa kompyuta dhaifu ni mzigo. Hapo pana njia ambayo mimi mwenyewe ndiyo niliyoishia kuifuata: kompyuta kuukuu ifanye kazi ya kuskani tu, kisha picha zichukuliwe kwa flashi mpaka kwenye kompyuta mpya ya mtoto au jirani, isome usiku kucha. Si lazima mashine moja ifanye yote.

Kuna kosa moja ambalo hakuna programu itakayokuepusha nalo, na karibu linitie aibu mbele ya ndugu zangu. Katika maandishi yaliyotoka, minazi ya upande wa magharibi iliandikwa "l14", yaani herufi l kisha 14. Nikasema mashine imekosea, nikafuta ile herufi, nikaandika minazi 14. Dada yangu ndiye aliyeniuliza minazi mingine imekwenda wapi. Tukarudi kwenye karatasi. Mashine nyingi za taipu za zamani hazikuwa na kitufe cha namba 1, na mpigaji alitumia herufi ndogo ya l badala yake. Baba aliandika 114, na programu ilisoma sawasawa kile kilichopigwa. Aliyekosea ni mimi, na kosa langu lilikuwa la minazi 100. Tangu hapo, kila palipo na namba, tarehe, mipaka au jina la mtu, mmoja hushika karatasi ya asili na mwingine husoma kwa sauti kilichomo katika kompyuta.

Karatasi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu ni jambo mbali. Wazee wetu wengi waliandika Kiswahili kwa herufi hizo, kwa mkono, kila mmoja na mwandiko wake. Programu za dukani zinazotangaza kusoma Kiarabu zimefundishwa chapa za siku hizi, na haziwezi kusoma barua ya babu. Usilipie programu kwa ajili hiyo. Skani picha nzuri ya rangi, uihifadhi, kisha umtafute mtu anayeusoma mwandiko huo maadamu wapo, naye akusomee huku wewe unaandika. Hifadhi ya Nyaraka iliyopo Kilimani inatunza maandishi mengi ya aina hiyo, na huko wapo waliozoea kuyashika.

Neno la hadhari pia kuhusu mtandao. Kompyuta yenye Windows iliyokwishaachwa na Microsoft haina sababu ya kuunganishwa na intaneti ili kuskani. Iache nje. Na zile tovuti zinazokuambia utume picha zako zikusomee bure, zitumie kwa kipande cha gazeti ukipenda. Hati ya nyumba, mirathi na cheti cha ndoa usivipeleke mahali usipojua vitakaa wapi na nani atavitazama. Wala karatasi ya asili isichanwe kwa kuwa imeshaskaniwa, kwa sababu siku ya ugomvi utakachoulizwa ni karatasi yenyewe.

Mnaponunua, ombeni risiti yenye tarehe, jina la duka, aina na namba ya kifaa. Kama muuzaji ameahidi kwamba skana itafanya kazi na Windows fulani, aiandike ahadi hiyo palepale kwenye risiti. Muuzaji mkweli hatakataa, na anayekataa amekwishakujibu. Mkubaliane pia siku za kujaribu, hata zikiwa tatu. Likitokea tatizo, rudi kwake kwanza, kwa upole, na risiti mkononi. Asipokusikiliza, lete lalamiko katika ofisi inayowalinda watumiaji ukiwa na risiti hiyo na kifaa chenyewe.

Sasa nitaiwasha skana hii niliyokuja nayo, iliyounganishwa na kompyuta yangu ileile ya XP. Nimeona bibi pale mbele ana bahasha. Bibi, kama umeridhia, tuanze na yako.